Mafunzo Niliyopata Kwenye Yoga

1. Mwili haupewi nafasi ya kwanza. Mwalimu wangu, mama wa Kihindi mzaliwa wa Mombasa, alianza na ahimsa: usimdhuru kiumbe kwa tendo, kwa neno, wala kwa wazo. Ndivyo Patanjali, mtunzi wa Yoga Sutra, anavyoianza njia yake. Njia hiyo ina hatua nane: miiko ya kuishi na watu, nidhamu ya nafsi, mkao, pumzi, kuzituliza hisi, kukaza fikra, kutafakari, na mwisho samadhi, utulivu uliokamilika. Kati ya vifungu zaidi ya 190 vya kitabu hicho, vinavyozungumzia mkao ni vitatu tu, na kinachotakiwa humo ni kukaa imara na kwa raha. Basi bibi wa miaka 70 aliyeketi kitini ameiva katika yoga kuliko kijana anayepinda mgongo huku akimcheka jirani.

2. Mazoezi mengi ya darasani ni ya juzi. Hatha Yoga Pradipika, kitabu cha karne ya 15, kinaeleza mikao 15, mingi ikiwa ya kuketi. Mfululizo wa kusimama, kuinama na kuruka ulishika umbo katika miaka ya 1930 kwenye kasri la Mysore, alikofundisha mwalimu wa yoga Krishnamacharya kwa ufadhili wa maharaja. Kwake walipita B.K.S. Iyengar, Pattabhi Jois na Indra Devi, mwanamke mzaliwa wa Riga, na hao ndio walioifikisha yoga hii mbali.

3. Pumzi ina kazi kubwa. Ziba tundu la kulia la pua kwa kidole gumba, vuta hewa taratibu kwa la kushoto. Ziba la kushoto kwa kidole cha pete, toa kwa la kulia. Vuta kwa hilo hilo, toa kwa la kushoto. Nikiwa na hasira, hili hunifaa kuliko mkao wowote.

4. Uliza asili yake. Yoga imelelewa na Wahindu, Wabudha na Wajaini, na kuificha asili hiyo ni kuwanyima haki yao. Mimi ni Mwislamu, kwa hiyo nilimwuliza mwalimu maana ya kila tunachotamka. Alinieleza yote waziwazi. Wenzangu wakiimba silabi takatifu ya Om, mimi hunyamaza, kisha tunaendelea pamoja. Anayetaka kujiunga, namshauri aulize mapema, kabla hajalipa ada.