Mkubwa wa Kazi Anapomtaka Mke Wako



Tuchukue mfano. Mume na mke wanaishi Faza, kisiwani Pate. Mke ni karani wa ofisi, tena kwa mkataba wa muda mfupi. Mkubwa wake ameanza kumwita jioni wenzake wakishaondoka. Mara humsifia umbo, mara humkumbusha kwamba mkataba wake umo mikononi mwake. Mke amekataa mara mbili. Akirudi nyumbani hunyamaza. Anaogopa kufukuzwa, anaogopa maneno ya watu, na zaidi ya yote anaogopa swali la mumewe: "Kwa nini wewe, si wengine?"

Kisiwa ni kidogo. Mkubwa huyo mtapanda naye mashua moja Mtangawanda, mtakutana naye dukani na harusini. Ndiyo sababu wengi hunyamaza. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kwanza, jueni kosa ni la nani. Katika Kitabu cha Danieli, sura ya 13, wazee wawili waliokuwa waamuzi walimtisha Susana, mke wa Yoakimu: akubali, au wamsingizie uzinzi. Alikataa, na watu wakawaamini wazee kwa ajili ya cheo chao. Uongo ulifichuka Danieli alipowahoji mmoja mmoja. Mambo hayo hayajaisha. Mwaka 2023 shirika la BBC lilitangaza habari za wanawake zaidi ya 70 wa mashamba ya chai ya Kericho waliosema walinyanyaswa na wasimamizi wao. Walichohitaji ni kazi tu.

Pili, bwana, sikiliza. Mkeo akikueleza, usimhoji kama mshtakiwa. Mwambie, "Nakuamini." Usikimbilie kumpiga mkubwa huyo: wewe ndiwe utakayeshtakiwa, na neno la mkeo litasahauliwa. Wala usimwamuru aache kazi; amueni pamoja. Na kama amekwisha kulazimishwa, elewa kwamba hakuvunja ndoa, amejeruhiwa. Mpeleke hospitali upesi, kabla ya saa 72 kupita, kwani dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi hazifai zikichelewa.

Tatu, mama, kataa kwa maneno wazi, kisha andika: tarehe, saa, mahali, alichosema, na aliyekuwapo. Usifute ujumbe wa simu. Kazi hii ina maana. Sheria ya Makosa ya Kingono ya Kenya ya mwaka 2006, kifungu cha 23, humshika mwenye mamlaka anayerudia kumtaka mtu huku akijua hatakiwi, na akatumia kazi, masomo au huduma kama chambo au kitisho. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Daftari lako ndilo litakaloonyesha kwamba alirudia.

Nne, pelekeni malalamiko kwa maandishi kwa aliye juu yake, mbaki na nakala. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na taratibu zilizoandikwa kuhusu jambo hili, ombeni mzione. Polisi wapo, na simu ya bure 1195 husaidia walionyanyaswa. Nendeni wawili.

Mume naye aweza kusumbuliwa na mkubwa wake wa kike. Asichekwe; hatua ni zilezile.

Mshahara ukipotea, nyumba itabana matumizi. Mkipoteza kuaminiana, mtabana nini?

Maswali ya kuzungumza nyumbani:
1. Je, mwenzangu angeweza kuniambia jambo kama hili leo? Kama la, ni tabia yangu ipi inayomzuia?
2. Tukikosa mshahara mmoja kwa miezi mitatu, tutaishije?
3. Je, mimi nina mamlaka juu ya mtu? Huniona vipi?