Mtoto wa Paka Anapoharisha

Mtoto wa paka aliyehamishiwa nyumba mpya huweza kuharisha siku za mwanzo, na mara nyingi chanzo ni kile anachopewa kwa huruma: maziwa ya ng'ombe. Akishaachishwa kunyonya, uwezo wake wa kumeng'enya sukari ya maziwa hupungua. Apewe maji safi na chakula alichokizoea alikotoka, kidogo kidogo. Kipya kichanganywe taratibu kwa muda wa juma moja.

Ngozi ya shingoni ikivutwa na kuchelewa kurudi, amepungukiwa maji. Hapo, au akitapika, akikataa kula au akiharisha damu, apelekwe siku hiyo hiyo kwa daktari wa mifugo. Kiumbe mdogo hivyo hakawii kufa. Parasetamoli asipewe kamwe, kwani ni sumu kwa paka. Minyoo nayo huharisha, lakini dawa yake hutolewa kulingana na uzito, si kwa kukisia.