Kabla Hujalipia Hoteli ya Mombasa, Hesabu Vichwa

Mdogo wangu wa Kariobangi South, ujumbe wako nimeusoma nikaurudia. Chama chenu kinagawana akiba mwishoni mwa Novemba, na baba watoto, ambaye ana karakana yake pale Light Industries, ameahidi kuongezea. Watoto ni watatu, wa miaka 14, 9 na 4, na hakuna kati yao aliyewahi kuiona bahari. Tangu wifi yako aliye Ufaransa awatumie picha za Disneyland, huyo wa katikati hana hadithi nyingine. Mmewaeleza kwamba Paris itasubiri, mwaka huu ni Mombasa, na siku moja mtawapeleka Wild Waters wateleze kwenye maji hadi wachoke. Mama mkwe naye yumo safarini. Sasa mumeo anataka hoteli ya Diani aliyoiona kwenye runinga, wewe unataka nyumba ya kukodi, na mmeanza kununiana. Unaniuliza nani ana haki.

Nitakujibu wewe, lakini najua kuna wengi Umoja, Dandora, Huruma na Buruburu wanaosoma wakiwa na swali hilohilo, maana Oktoba ikifika simu zetu zote hujaa matangazo ya pwani. Ninachotaka kukuambia ni kimoja: acha kuanza na hoteli. Anza na watu sita mtakaosafiri, umri wao, miguu yao, matumbo yao, na nani atawahudumia wenzake. Ukishawajua watu wako vizuri, nusu ya matangazo hayo utayafuta mwenyewe.

Chukua bei kwanza, kwa sababu hapo ndipo familia zetu huumia. Tangazo linasema, tuseme, shilingi 9,000 kwa usiku, na mtu anapiga hesabu ya 9,000 mara siku nne, anaona anaweza. Lakini hoteli za pwani kwa kawaida hutaja bei ya mtu mmoja, tena mtu anayelala chumba kimoja na mwenzake. Wewe na mumeo tayari ni 18,000. Mama mkwe akilala peke yake ataongezewa malipo ya kukalia chumba mwenyewe. Binti wa miaka 14 si mtoto tena machoni mwa hoteli nyingi, ambazo huhesabu utu uzima kuanzia miaka 12. Wadogo wawili wakilala chumbani mwenu huenda wakalipiwa nusu, huenda robo, na huyo wa miaka 4 anaweza kuachwa bure. Kila hoteli ina mpaka wake, kwa hiyo uliza. Mimi ningemlaza binti na nyanya yake. Wanaheshimiana, watapiga gumzo, na nyanya hatalipishwa upweke. Hata hivyo, kwa mfano huu wetu, wakubwa wanne ni 36,000 na wadogo wawili kwa nusu ni 9,000. Hiyo ni 45,000 kwa usiku mmoja. Siku nne ni 180,000.

Usishtuke, ila usilipe chochote kabla hujaandika hesabu kama hiyo kwenye karatasi. Na unapouliza bei, taja umri wa kila mtoto, taja kwamba nyinyi ni wakazi wa Kenya, kisha uombe jibu kwa maandishi. Hoteli nyingi zina bei ya mkazi iliyo chini ya bei ya mgeni kutoka nje. Beba vitambulisho vyenu na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Hivyo vyeti vitakusaidia pia kwenye treni, ambako mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu nauli. Nauli ya behewa la kawaida ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 Januari 2024, kwa hiyo nyinyi sita mtatumia 7,500 kwenda na 7,500 kurudi.

Sasa Diani ama Nyali? Hapa nirudi kidogo kwa wifi yako, kwa sababu wazazi wa Ulaya nao hugombana juu ya jambo hili: kulala karibu na michezo ya watoto au mbali nayo. Disneyland ya Paris ilifunguliwa tarehe 12 Aprili 1992 huko Marne-la-Vallée, mashariki mwa jiji, ikiwa na hoteli zake yenyewe. Anayelala katika hoteli hizo huruhusiwa kuingia mapema kabla ya umati, na hulipia raha hiyo. Anayelala mbali hulipa kidogo, kisha asubuhi hupanda treni ya RER A inayomshusha karibu na lango.

Mombasa haina treni ya kukushusha Wild Waters. Iko Nyali, upande wa kaskazini, na mtafika kwa matatu, tuktuk au teksi. Diani iko pwani ya kusini. Ni kweli kwamba siku hizi si lazima upange foleni ya feri ya Likoni. Barabara ya Dongo Kundu inaanzia huko Miritini, karibu na kituo cha treni, na inakuvusha hadi kusini moja kwa moja. Kwa hiyo kufika Diani kumekuwa rahisi. Shida ni kutoka Diani kila mnapotaka kitu kilicho kaskazini. Na vitu vya watoto vingi viko kaskazini: Wild Waters yenyewe, kijiji cha mamba cha Nyali, na Haller Park iliyoko Bamburi, ambako mashimo ya kuchimbia malighafi ya saruji yaligeuzwa msitu kuanzia 1971 na René Haller. Ndiko alikopelekwa yule kiboko mdogo, Owen, aliyeokolewa wakati wa tsunami ya Desemba 2004 akajiegemeza kwa kobe mzee aitwaye Mzee. Mweleze huyo wa miaka 9 kisa hicho kabla ya safari, uone kama bado atataja Paris. Fort Jesus nayo, iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593, iko kisiwani, ng'ambo ya daraja la Nyali.

Kwa hivyo mumeo hajakosea kuipenda Diani. Mchanga wake ni mweupe na laini, na wenzi wawili wasio na haraka watastarehe. Lakini safari mliyowaahidi watoto ni ya kaskazini, na kumbeba mtoto wa miaka 4 na nyanya anayeumwa magoti kupitia jiji zima kwenda na kurudi siku hiyohiyo ni adhabu. Laleni Nyali au Bamburi.

Tufike kwenye nyumba ya kukodi, mahali ambapo nina wasiwasi na wewe, si na mumeo. Umeniandikia kwamba nyumba itakuwa nafuu kwa sababu "nitapika". Dada, umeamka saa kumi alfajiri mwaka mzima. Umewafungia watoto chakula cha shule, umefungua duka, umerudi ukasonga ugali wa watu sita. Kama utafika Mombasa ukasimama mbele ya jiko jingine, kwenye joto la Desemba, huku wenzako wakiwa majini, basi umehamisha kazi yako tu, tena umeilipia nauli. Nimewaona kina mama wengi wakirudi Nairobi kutoka likizo wakiwa wamechoka kuliko walivyoondoka, na hakuna aliyewauliza kwa nini. Jambo hili linaniuma.

Dawa yake ipo na si ghali. Nyumba nyingi za kukodi pwani zina mpishi anayejulikana na mwenye nyumba, ambaye unamlipa kwa siku, nawe unanunua vyakula. Soko la Kongowea liko hapo hapo Nyali, mboga na matunda ni tele, na wavuvi huwaletea samaki hadi mlangoni. Mpishi wa pwani atawaandalia mahamri na mbaazi asubuhi na changu wa kupaka mchana, vitu ambavyo watoto wako hawatavionja kwenye meza ya hoteli iliyojaa chipsi na soseji. Weka malipo ya mpishi kwenye hesabu tangu mwanzo, usiyafanye ya ziada. Kama pesa ya mpishi haitapatikana, basi tafuta hoteli ya hafu-bodi, yenye chai ya asubuhi na chakula cha jioni, hata kama ni ndogo na bwawa lake ni la kawaida. Fulu-bodi kwenu sitaishauri. Mchana mtakuwa nje, na mtakilipia chakula ambacho hamtakila.

Ukichagua nyumba, uliza mambo ambayo picha hazionyeshi. Umeme wa kipoza hewa unalipwa na nani? Kuna nyumba ambapo mgeni hununua tokeni mwenyewe, na kipoza hewa hula tokeni bila huruma. Maji ya bomba yana chumvi? Je, kuna chandarua kwa kila kitanda? Hili la chandarua usilichukulie juu juu. Pwani ni eneo la malaria, na watoto waliokulia kwenye baridi ya Nairobi hawana kinga nayo. Uliza mapema kwenye kituo cha afya kuhusu dawa za kuzuia. Na mkisharudi, mtoto akishikwa na homa hata baada ya wiki mbili au tatu, mwambie daktari mara moja kwamba mlikuwa Mombasa.

Jambo la maji lenyewe. Watoto wako hawajui kuogelea, kwa hivyo bwawa lenye sehemu ya kina kifupi ni muhimu kwenu kuliko bahari iliyo mbele ya dirisha. Bahari hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti ni kubwa: asubuhi mtoto anatembea juu ya mchanga na mawe, jioni mahali palepale pana maji yanayompita baba yake kimo. Uliza wenyeji saa za kujaa kila siku. Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ule tunaouita Pirates, hauna kiingilio na nyinyi hamtakuwa wageni huko, lakini tarehe 25 na 26 Desemba na mwaka mpya hufurika watu, na watoto hupotea. Mkienda siku hizo, mwandikie kila mtoto nambari yako ya simu mkononi kwa kalamu. Kama nyumba haina bwawa, hoteli kadhaa za ufuoni huuza pasi ya kutwa ya bwawa pamoja na chakula cha mchana. Siku moja ya namna hiyo itamfurahisha pia baba watoto, maana atakuwa ameionja ile hoteli ya runingani. Nunua nguo za kuogelea hapa kwetu, Korogocho au Gikomba, kwa sababu mabwawa mengi hayaruhusu fulana za pamba.

Kuhusu kulipa. Matapeli huiba picha za nyumba nzuri na kuzitangaza kama zao, na Desemba ndiyo msimu wao wa mavuno. Omba video iliyopigwa siku hiyo ikionyesha lango na barabara. Mtume ndugu au muumini mwenzako aliye Mombasa apite aone. Karibu kila ploti ya Eastlands ina mtu mwenye jamaa kule. Hoteli ikikutumia nambari ya kulipia, soma jina linalojitokeza kwenye M-Pesa kabla ya kuyakamilisha malipo. Likiwa la mtu binafsi asiyejulikana na hoteli, acha. Hoteli halali huwa na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, na si utovu wa adabu kuulizia. Lipa sehemu, siyo zote, na upate kwa maandishi masharti ya kurudishiwa mkiahirisha.

Pesa ya karo ya Januari isiguswe. Ikibidi kuchagua, punguzeni siku za kulala ziwe tatu. Ama sogezeni safari hadi likizo ya Aprili, baada ya Pasaka, ambapo bei hushuka kwa sababu ya mvua za masika. Bahari huwa imechafuka wakati huo kwa upepo wa kusi, lakini maji ya Wild Waters hayajui msimu.

Uamuzi wangu, basi: nyumba ya vyumba vitatu Bamburi au Nyali, yenye mpishi, siku nne. Treni ya saa mbili asubuhi, maana inawafikisha Miritini alasiri, wakati nyumba iko tayari kupokea wageni. Ile ya saa nne usiku huwashusha kabla ya alfajiri na mtakaa na mizigo hadi mchana. Kutoka Kariobangi hadi kituo cha treni cha Syokimau hamhitaji kupitia mjini, shikeni Outering mapema mpite Taj. Tiketi za Desemba huisha haraka, kwa hiyo piga *639# mara tu nafasi zikifunguliwa, hata kabla ya kumaliza mjadala wa nyumba.

Na kabla hamjatuma shilingi yoyote, keti na mama mkwe. Katika ujumbe wako wote umenieleza anachotaka mumeo, wanachotaka watoto na unachotaka wewe. Yeye hajaulizwa bado. Muulize anataka kuona nini Mombasa, na anaweza kupanda ngazi ngapi.