Kupanga uzazi: Mume naye alisome daftari



Mwaka jana, baada ya Misa ya Jumapili, mume na mke walinijia nyuma ya kanisa letu la kigango. Mume alikuwa na kadi ya kliniki mkononi. Aliipata ndani ya debe la unga, na kwa kadi hiyo akajua kwamba mkewe amekuwa akidungwa sindano ya kupanga uzazi kila miezi mitatu kwa muda wa miaka miwili. "Mwalimu," akaniambia, "wewe ndiwe uliyetufundisha kabla ya ndoa. Mwambie huyu alilofanya." Mke alikuwa ametazama chini. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, muulize pia mtoto wa tano alikujaje, na tulikuwa tukifuata njia ya Kanisa."

Nilipouliza, nikaelewa "njia ya Kanisa" nyumbani mwao ilikuwa nini. Mume ni mlinzi Nairobi, na huja nyumbani mara mbili kwa mwezi. Alikuwa akihesabu kwa vidole tangu siku ambayo hedhi ya mkewe ilikwisha, na kuikwepa siku ya kumi na nne. Basi, ndiyo hiyo tu. Mke hakuwahi kuulizwa neno lolote juu ya mwili wake mwenyewe.

Niliwaomba waje kwangu jioni. Mke wangu alipika chai, tukakaa wanne mezani. Tuliyoyazungumza jioni ile ndiyo somo letu la leo, kwa maana najua nyumba nyingi zina kadi iliyofichwa mahali fulani.

Tuanze na mwili

Mzunguko wa mwanamke huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza damu inapoanza, wala si siku inapokatika. Yai hupevuka na kutoka katika ovari yapata siku 14 kabla ya hedhi ijayo. Msomaji, lisome tena neno hilo: kabla ya hedhi ijayo, si baada ya hedhi iliyopita. Mwenye mzunguko wa siku 28, yai lake hutoka karibu na siku ya 14. Mwenye siku 35, hutoka karibu na siku ya 21. Mwenye siku 24, karibu na siku ya 10.

Yai likitoka huishi kwa muda usiozidi siku moja. Lakini mbegu za mume zaweza kuishi hadi siku 5 ndani ya ute wa mke. Kwa hiyo mke mwenye mzunguko wa siku 24 akikutana na mumewe siku ya 7, mbegu zinaweza kulingoja yai la siku ya 10, huku mume bado anaingojea siku ya 14 na kujiona mwerevu. Mimi mwenyewe nilihesabu hivyo nikiwa kijana. Binti yetu wa tatu ni shahidi, naye tunampenda sana.

Njia za kliniki zafanyaje kazi?

Katekista akikataa kueleza mambo haya, watu watayasikia sokoni, tena yakiwa yamechanganywa na uongo. Afadhali tuyaseme wazi.

Tembe za kila siku, sindano ya miezi mitatu na vijiti vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono, vyote hutumia homoni. Huufanya ute wa mlango wa mji wa mimba kuwa mzito ili mbegu zisipite, na mara nyingi huzuia yai lisipevuke. Sindano huweza kuvuruga hedhi au kuikatisha kabisa. Mama akiiacha, uzazi haurudi mara moja: kwa wastani huchukua karibu miezi 10 tangu sindano ya mwisho kabla ya kushika mimba. Wengine hudhani wamelogwa au wameharibiwa kizazi. Sivyo, dawa inachelewa kwisha mwilini. Koili ya shaba haina homoni. Shaba huziharibu mbegu za mume zisilifikie yai, nayo yaweza kukaa miaka 10. Kondomu huzuia mbegu zisiingie, na katika njia zote hizi ndiyo pekee inayokinga pia magonjwa ya zinaa na virusi vya UKIMWI. Kufunga uzazi ni kukata au kuziba mirija, ya mke au ya mume, na mtu asiifanye akidhani kesho ataifungua.

Kanisa linasema nini basi? Tarehe 25 Julai 1968 Papa Paulo wa Sita alitoa barua iitwayo Humanae Vitae. Wengi wanaijua kwa neno moja tu, "hapana". Lakini barua hiyo haisemi mke azae kila mwaka. Inasema wazi kwamba wenye ndoa wanaweza kuwa na sababu nzito, ya afya, ya mali au ya hali ya nyumba, ya kuachanisha watoto, na kwamba wanaweza kuzitumia siku ambazo Mungu mwenyewe ameziweka bila rutuba. Inachokataa ni kulifunga tendo la ndoa kwa makusudi lisiweze kuzaa. Pia haikatazi dawa inayohitajika kwa kutibu ugonjwa hata kama dawa hiyo inazuia mimba. Nasema hivi kwa sababu kuna akina mama walioandikiwa tembe kwa ajili ya damu nyingi, nao wanaogopa kukomunika. Mama wa namna hiyo azungumze na padri wake bila hofu.

Wala tusijidanganye juu ya hali ilivyo. Katika uchunguzi wa mwaka 1977 na 1978, mama wa Kenya alihesabiwa kuzaa wastani wa watoto 8. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulipata 3.4. Wakatoliki wamo ndani ya hesabu hiyo. Watu wanapanga. Swali langu kwa nyumba zetu ni kama wawili wanapanga pamoja, au mmoja anapanga kwa siri na mwingine anahesabu vidole.

Njia za asili si moja

Hapa ndipo pana makosa mengi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ya zamani ni ya kalenda, iliyotokana na kazi ya madaktari Ogino wa Japani na Knaus wa Austria katika miaka ya 1920. Hata hiyo si ya kukisia. Mke huandika urefu wa mizunguko yake angalau 6. Tuseme ni siku 26, 29, 31, 27, 30 na 28. Ule mfupi unatoa 18: unabaki 8. Ule mrefu unatoa 11: unabaki 20. Kwa hiyo tangu siku ya 8 hadi ya 20 mume na mke wanajizuia. Mwaona ilivyo ndefu? Na ule mtindo wa kuiruka siku ya 14 peke yake haukufundishwa na daktari wala padri yeyote.

Ya pili ni ya joto. Mke hupima joto kila asubuhi kabla ya kuondoka kitandani. Yai likishatoka, joto hupanda kidogo, nyuzi 0.2 hadi 0.5, na kubaki juu. Likiwa juu siku tatu mfululizo, wakati wa rutuba umepita. Shida yake ni kwamba malaria na usiku wa kulea mtoto mgonjwa huvuruga vipimo, tena haikuonyeshi mwanzo wa rutuba, mwisho tu.

Ya tatu ni ya ute, ambayo Daktari John Billings na mkewe Evelyn waliieneza kutoka Australia. Mama haingizi kidole wala chombo. Anajihisi tu anapotembea na kufanya kazi zake, kama ni mkavu au amelowa, na anatazama anapokwenda msalani. Baada ya hedhi wengi huwa na siku kavu. Kisha ute huanza, kwanza wa kunata, halafu wa kuteleza na kuvutika kama ute wa yai bichi. Siku ya mwisho ya kuteleza huitwa Kilele. Tangu ute unapoanza, mume na mke wanangoja, na wanakuwa huru kuanzia siku ya nne baada ya Kilele hadi hedhi ijayo. Katika siku kavu za mwanzo wanaweza kukutana jioni, lakini si jioni mbili mfululizo. Jioni, kwa sababu mama amekwisha kujitazama mchana kutwa. Si mfululizo, kwa sababu maji ya mume ya jana yanaweza kuuficha ute wa leo. Siku za damu nyingi pia wanangoja, maana damu nayo huuficha ute.

Wapo wanaosema mama asiyesoma hawezi. Shirika la Afya Duniani liliijaribu njia hii katika miji mitano: Auckland, Bangalore, Dublin, Manila na San Miguel kule El Salvador. Matokeo yalichapishwa mwaka 1981: zaidi ya wanawake 90 kati ya 100 waliweza kuutambua ute wao katika mzunguko wa kwanza tu, na wamo waliokuwa hawajui kusoma.

Kuna pia kunyonyesha. Mama ambaye hedhi haijarudi, anayemnyonyesha mtoto maziwa yake pekee mchana na usiku, na mtoto hajafika miezi 6, huwa na nafasi isiyofika 2 kati ya 100 ya kushika mimba. Sharti moja likivunjika, hata uji kidogo, asitegemee tena.

Hesabu bila kuficha

Chukua wanawake 100 kwa mwaka mmoja. Wasiotumia njia yoyote, karibu 85 watashika mimba. Kwa matumizi ya kawaida ya watu, pamoja na kusahau kwao, wenye tembe ni 7, wenye sindano 4, wenye kondomu 13, wa kumwaga nje 20. Wenye koili au vijiti hawafiki 1. Wa kalenda ni 15. Wanaounganisha ute na joto ni 2.

Ute peke yake: wanaofuata kanuni zote ni 3 tu, lakini wanaofuata leo na kesho kusahau huzidi 20. Pengo hilo kati ya 3 na 20 linatokana na nini? Mara nyingi mke alijua vizuri kwamba siku ile si salama. Alisema, hakusikilizwa. Au hakuthubutu kusema. Sindano haimhitaji mume, na ndiyo maana mke wa yule mlinzi aliikimbilia. Njia ya ute haiwezi kusimama kwa mguu mmoja.

Nilimwambia mume hayo mbele ya mkewe. Alinyamaza kwa muda mrefu, mpaka chai ikapoa. Kisha akamuuliza mkewe, si mimi, "Kwa nini hukuniambia?" Naye akajibu, "Ningekuambia saa ngapi, na wewe hufika usiku na kuondoka Jumapili?"

Walianza kwa shida. Mke hakurudi kwa sindano, na hedhi yake ilichukua miezi saba kurejea. Katika muda huo ute huwa wa kubabaisha, na nyakati nyingi walijizuia kabisa. Alisaidiwa na mama mmoja wa parokia aliyefunzwa kazi hii. Nawaomba msiianze kwa kusoma gazeti tu. Siku hizi mume kabla ya kupanda gari Ijumaa hupiga simu na kuuliza, "Huko kuna mvua au jua?" Akiambiwa kuna mvua, bado huja. Hilo la mwisho mke wake ndiye aliyemwambia mke wangu, akicheka.

Wanaotaka kuanza, nunueni daftari la kurasa 32. Chora mistari: tarehe, siku ya mzunguko, alichohisi mke, alichoona. Kila usiku mke aseme, mume aandike. Akiwa mbali, mke aandike na kumsomea kwa simu. Kwa mzunguko wa kwanza jizuieni, ili ute usomeke bila kuchanganywa. Daftari likae juu ya kabati, na kalamu ifungwe kwa uzi, maana watoto wataichukua.