Usingizi wa Anayepunguza Unene: Maneno kwa Nyumba za Kitale na Bungoma

Katika nyumba nyingi za Kitale na Bungoma, mwenye kuusonga ugali wa jioni ndiye huyo huyo aliyekwisha kuazimia moyoni kutouonja. Huwapakulia mumewe na watoto, akajisingizia kazi za jikoni hata sahani zirudi tupu, kisha akanywa kikombe kikubwa cha chai ya rangi, ile waiitayo strungi, ili kuidanganya njaa, akaenda zake kulala. Saa nne hupita, saa sita hupita, naye yu macho, tumbo likinguruma na miguu ikiwa baridi, akidhani labda ana maradhi, au kwamba mwili wake haukuumbwa kupungua. Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili yake na kwa ajili ya walio pamoja naye chini ya paa moja, maana taabu hiyo ina sababu zijulikanazo, na sehemu kubwa ya dawa yake imo humo humo jikoni.

Nia yake si mbaya hata kidogo. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini Kenya mwaka 2014 ulionyesha kuwa katika kila wanawake 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, 33 walikuwa na uzito uliopita kiasi, nao unene huo huandamana na kisukari na shinikizo la damu. Lakini katika nchi hii ya mahindi, ambako tangu zamani kunenepa kumehesabiwa kuwa dalili ya neema, na anayekonda huulizwa kwa sauti ya chini kama ni mzima, mwenye kujipunguza huona haya kusema. Na kwa kuwa hasemi, hupunguza mahali panapofichika kwa urahisi, yaani chakula cha usiku, ambacho ndicho hasa hakupaswa kukiacha.

Mwili wenye njaa haupendi kulala, kama vile mnyama asiyepata riziki alivyo hodari wa kuzunguka usiku. Mwaka 1998 wataalamu walitambua katika ubongo kemikali iitwayo oreksini, ambayo humweka mtu macho. Na chembe ziitoazo huchangamka zaidi pindi sukari ya damu inaposhuka. Fauka ya hayo, mwili ulionyimwa chakula hupunguza moto wake ili kuweka akiba. Huko Minnesota, Marekani, mwaka 1945, vijana 36 waliojitolea walilishwa nusu shibe kwa majuma 24 chini ya uangalizi wa Ancel Keys, na miongoni mwa mambo waliyoyalalamikia ni baridi, hata wakaomba mablanketi ya ziada katika miezi ya joto. Seuze mkaazi wa Kitale, mji ulio karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ambako upepo wa Mlima Elgon huteremka usiku na kulipapasa kila bati! Watafiti wa Uswisi walidhihirisha mwaka 1999 kuwa mwenye miguu yenye joto hupata usingizi upesi kuliko mwenye miguu baridi. Basi njaa na baridi zikikutana kitandani, usingizi utapita wapi?

Ama ile chai, nayo ina hesabu yake. Kafeini iliyomo huchukua takriban saa tano kupungua nusu katika damu, kwa wengine zaidi, hivyo kikombe kizito kilichonywewa saa mbili usiku, tena juu ya tumbo tupu, kingali kinafanya kazi usiku wa manane. Aliyezoea chai na aimalize kabla ya saa nane mchana.

Jambo linalonihuzunisha kuliko yote ni kuwa mkesha huo humnyima mtu kile kile alichokuwa akikitafuta. Mwaka 2010 watafiti wa Chicago walitangaza habari za watu kumi wanene waliopunguziwa chakula kwa siku 14, mara moja wakiruhusiwa kulala kwa muda wa saa nane na nusu, na mara ya pili kwa muda wa saa tano na nusu tu. Uzito walioupoteza ulikuwa karibu kilo tatu mara zote mbili. Illa walipolala vizuri, kilo 1.4 zilikuwa mafuta, na walipokoseshwa usingizi mafuta yaliyotoka yalikuwa kilo 0.6 tu, sehemu kubwa ya salio ikitoka katika nyama ya mwili. Mizani iliwapa hesabu ile ile, ilhali hasara haikuwa ile ile.

Basi tupunguze mchana, na tupunguze vile vilivyo vingi pasipo kushibisha. Kijiko cha chai cha sukari kina kalori zipatazo 16. Anayekunywa vikombe vinne kwa siku, kila kimoja kwa vijiko vitatu, amekunywa kalori 190 bila kujaza tumbo. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori 120, na mkono wa mpishi asiyepima humimina mafuta mengi kabla mboga haijatiwa. Mwenye kuiondoa sukari yote hiyo, na vijiko viwili vya mafuta katika fungu lake, amekwisha kupunguza kalori zaidi ya 400 naye hajaigusa sahani yake ya usiku. Akienda sokoni kwa miguu badala ya kupanda bodaboda, huenda akapungua karibu nusu kilo kwa juma, na mwendo huo si wa kuudharau.

Chajio na kiliwe saa moja au saa mbili: ugali wa kadiri ya ngumi, wa wimbi ukipatikana, mrenda au saga au kunde tele, na kitoweo, kiwe maharagwe, omena, yai au bilauri ya maziwa lala. Kabla ya kulala aoge maji ya moto na kuvaa soksi. Lakini nasihi kwa mkazo: jiko la makaa lisiingizwe chumbani kwa ajili ya joto, kwani hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu usingizini.

Mjamzito na mwenye kunyonyesha wasijipunguzie chakula pasipo ushauri wa tabibu. Mgonjwa wa kisukari atumiaye insulini au vidonge, akizinduka usiku jasho likimtiririka na moyo ukimwenda mbio, anywe upesi kitu chenye sukari, na kukicha aende hospitali, Kitale au Bungoma, dawa yake ipimwe upya. Vidonge vya kukondesha vinavyouzwa mikononi viepukwe kabisa. Katika vidonge vya namna hiyo imepata kugunduliwa sibutramini, dawa iletayo kukosa usingizi, iliyoondolewa katika masoko ya Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuudhuru moyo. Na aliyerudisha chajio chake, akaacha chai ya jioni, na bado hukesha siku tatu kwa juma kwa miezi mitatu, amwone daktari.

Enyi waume, watoto na wakwe mlio naye nyumbani, msimdhihaki kwa kukonda wala msimlazimishe sahani ya pili. Usiku wa leo, yule aliyeusonga ugali na aitwe mezani mapema, apakuliwe fungu lake dogo, na asiondoke kabla hajalimaliza.