Uwiano wa Kahawa na Maji Katika Kahawa ya Kuloweka

Swali: Kahawa inayolowekwa nyumbani katika maji baridi hutoka nyepesi mara hii na kali mara nyingine. Uwiano unaofaa ni upi?

Jibu: Uwiano huo, yaani uzito wa kahawa ukilinganishwa na uzito wa maji, hupimwa kwa mizani wala si kwa kijiko, kwa kuwa buni iliyokaangwa sana huwa nyepesi na kijiko kilekile hubeba gramu chache zaidi. Kwa kinywaji cha kunywa moja kwa moja, gramu 100 za kahawa iliyosagwa chengachenga hulowekwa katika mililita 800 za maji, ndani ya jokofu, kwa saa 12 hadi 18, ilhali anayetaka kahawa nzito ya kuzimua baadaye kwa maji au maziwa hupunguza maji hayo hadi mililita 500. Machicha hufyonza maji yanayokaribia mara mbili ya uzito wa kahawa kavu, hivyo mililita 800 hutoa takriban 600 tu, na kuyakamua ili kufidia upungufu huo ni kosa, kwani huleta vumbi na uchungu. Robusta ya Kagera, ambayo kafeini yake hukaribia maradufu ya ile ya arabika ya Kilimanjaro, ianzwe na mililita 1,000.