Taswira za Jua Chini ya Mwembe: Somo la Tundu Dogo katika Upigaji Picha

Jua linapowaka sana, ardhi iliyo chini ya mwembe hutapakaa mabaka ya nuru. Wengi huyakanyaga bila kuyajali. Mpiga picha aliyezoea kutazama kwa makini hugundua jambo la ajabu: nafasi zilizo baina ya majani zina maumbo ya kila namna, nyingine za pembe tatu, nyingine nyembamba kama ufa, ilhali mabaka mengi yaliyo chini ni ya mviringo. Anayejua sababu ya ajabu hii aweza kuitengeneza mwenyewe apendapo.

1. Chanzo cha mviringo

Nuru husafiri katika mstari ulionyooka. Kila nukta ya uso wa jua hupeleka nuru yake kupitia katika tundu, na kuacha chini doa dogo lenye umbo la tundu hilo. Kwa kuwa jua lina nukta zisizo na idadi zilizopangika katika duara, madoa hayo hupandana na kufanya duara. Hivyo kila baka ni taswira ya jua lenyewe. Tundu likiwa pana na karibu na ardhi, baka hufuata umbo la tundu. Likiwa dogo na mbali, hufuata umbo la jua.

Ushahidi hupatikana jua linapopatwa. Ibn al-Haytham, mtaalamu aliyezaliwa Basra mnamo mwaka 965, aliandika juu ya umbo la taswira ya jua lililopatwa, ipitapo katika tundu dogo. Jua likiwa limefunikwa sehemu, kila baka huwa kama mwezi mwandamo. Likipatwa kwa namna ya pete, kama ilivyotokea Rujewa, mkoani Mbeya, tarehe 1 Septemba 2016, mabaka nayo huwa pete.

2. Kupima jua darasani

Shule isiyo na maabara yaweza kufanya jaribio hili. Asubuhi, dirisha linaloelekea jua lizibwe kwa kadibodi yenye tundu la milimita 2. Karatasi nyeupe ishikwe mita 4 na sentimita 32 kutoka tunduni, ikikabili miali ya jua moja kwa moja. Duara litakaloonekana litakuwa na kipenyo cha sentimita 4.2 hivi. Ukitoa milimita 2 za tundu lenyewe, hubaki sentimita 4. Umbali ukigawanywa kwa kipenyo:

432 ÷ 4 = 108

Uwiano huo ndio ulio baina ya umbali wa jua na kipenyo chake. Umbali wa jua ni kilomita 150,000,000 hivi. Ukigawanywa kwa 108, kipenyo cha jua ni karibu kilomita 1,390,000.

Tahadhari: Mwanafunzi asilitazame jua kupitia katika tundu hata kidogo, wala wakati wa kupatwa. Nuru yake yaweza kuharibu macho daima. Atazame karatasi, jua likiwa mgongoni.

3. Kamera isiyo na lenzi

Chukua kopo la maziwa ya unga, lipake rangi nyeusi ndani, na utoboe katikati ya kitako tundu la nusu milimita kwa ncha ya sindano. Mdomoni funga karatasi nyeupe iliyopakwa mafuta kidogo, kisha ujifunike kichwa kwa kitambaa kizito. Mandhari ya nje yataonekana juu chini, na kulia kutakuwa kushoto. Vitu vya karibu na vya mbali vitaonekana kwa uwazi karibu ulio sawa, jambo ambalo lenzi hulipata kwa shida.

Lakini nuru ni haba. Ikiwa karatasi iko sentimita 15 kutoka tunduni, tundu ni sehemu moja ya 300 ya umbali huo. Kamera ya kawaida ambayo uwazi wake ni sehemu moja ya 8 hupokea nuru zaidi mara 1,400 hivi. Picha inayochukua sehemu moja ya 125 ya sekunde kwa lenzi hiyo itahitaji sekunde 11 au zaidi kwa tundu.

Kuchelewa huko huzaa ajabu nyingine. Mwaka 1838 Daguerre alipiga picha ya Boulevard du Temple, mtaa wenye shughuli nyingi mjini Paris. Picha ilichukua dakika kadhaa, na mtaa ukaonekana kama uliohamwa. Magari ya farasi na wapita njia hawakukaa mahali pamoja kwa muda wa kutosha kuacha alama. Aliyebaki ni mtu aliyesimama kupigiwa viatu rangi. Kwa hiyo picha haisomwi kwa macho peke yake. Msomaji hana budi kuuliza ilipigwaje na kwa muda gani.

Maswali

1. Tundu la msumari katika bati liko mita 2.7 juu ya sakafu, na jua liko utosini. Bila kuhesabu ukubwa wa tundu, kipenyo cha duara sakafuni ni kiasi gani?
2. Kwa nini duara hilo hurefuka jua linapoteremka?
3. Kopo likitobolewa matundu matatu, kutaonekana nini? Jaribu, kisha eleza.